Sauti Yangu Ghalani

Shamimu alifika Ziwani siku ya Alhamisi kwa bodaboda, amekumbatia begi la kompyuta kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Huyu ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa mwisho aliyeolewa Dar es Salaam na mtu wa Singida. Ana miaka ishirini na sita, na kazi yake ni kuchora katuni za kwenye filamu. Niliponyoosha mikono nimpokee begi, alilivuta nyuma akacheka.

"Hili silitoi hata kwako, mke mwenzangu. Humu ndani ndimo ulimo."

Nilidhani ni maneno ya utani wetu wa siku zote.

Tulipomaliza kula, akiwa bado anachambua miiba ya samaki kwa ajili yangu, maana anajua macho yangu hayaioni, alinieleza vizuri. Wachoraji saba wa nchi saba wameungana kutengeneza filamu moja ya katuni. Ndani yake mna hadithi saba, na kila hadithi ina shujaa wake mwenye nguvu ambazo binadamu wa kawaida hana. Hadithi ya tano ni ya kwake. Ilikwisha kuonyeshwa Dar kwa siku tatu katika jumba la sinema, na watu walikuwa wameandika maoni yao. Akanisomea kwenye simu. Mmoja aliandika kwamba shujaa wa kwanza anapigana vizuri, ila nguo zimembana hadi akamwonea huruma. Mwingine alisema hadithi ya sita imempa usingizi mzuri kuliko kitanda chake. Wengine walilalamika kwamba hadithi ni fupi, ukianza kumpenda mtu anaondoka.

"Lakini ya tano, Bibi, sikiliza. 'Nimelia.' Huyu naye, 'Nimelia hadi jirani kanipa leso.' Huyu, 'Yule binti alipoanza kuimba nilishindwa kujizuia.'"

"Anaimba nini?" nikauliza.

"Wimbo wako. Ule uliokuwa unanibembelezea. Hukumbuki mwaka jana nilikupigia simu, nikakuomba uniimbie wote? Niliurekodi. Sauti ni yako mwenyewe, Bibi, na jina lako limeandikwa mwishoni."

Nilikuwa nimeshika bakuli la maji ya kunawa. Nililiweka chini taratibu.

"Wote?" nikasema. "Umeuweka wote?"

"Wote. Mwanzo mpaka mwisho."

Wimbo ule si wa kubembelezea mtoto. Ni wa unyago. Huimbwa na wanawake waliochezwa unyago, mahali pamoja, wakati mmoja, na una sehemu tatu. Ya kwanza hata mtu akiisikia barabarani si kitu. Ya pili tunaiimba kwa sauti ya chini. Ya tatu haitoki nje, na maneno yake siyaandiki hapa wala popote. Shamimu hajachezwa, baba yake hakutaka. Na Kimakonde hakijui, achilia mbali Kimakonde cha zamani kama kile.

Kosa lilikuwa langu. Alipokuwa na miezi minane mama yake alimleta kwangu, akaugua homa siku tisa. Dawa za zahanati alipewa, lakini usingizi hakupata, alilia hadi sauti ikawa kama ya paka. Nilimwimbia kila wimbo niliokuwa nao. Siku ya tisa, mchana, tukiwa wawili tu ndani na mlango umefungwa, nikauimba ule. Akanyamaza. Akaniangalia, akalala. Nikajiambia kichanga hana masikio ya kuelewa, na tangu siku ile hakukubali wimbo mwingine. Mwaka jana aliponipigia kutoka Dar, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, nikadhani anataka kulala tu. Nikamwimbia kama zamani. Sikujua kwamba simu inasikiliza.

"Basi Jumamosi tunaionyesha hapa," akasema, macho yanang'aa. "Mwenyekiti amekubali tutumie ghala la korosho. Saa hizi ni tupu. Nataka watu wa kwenu waone, Bibi. Nimewachora wao."

Nikamuuliza kama pale pa wimbo panaweza kurukwa, mimi ni mzee, naona haya sauti yangu kusikika mbele za watu.

"Nikiruka pale hakuna hadithi. Ndipo anapopata nguvu."

Sikuweza kumwambia sababu. Kumwambia mtu ambaye hajachezwa kwamba wimbo huu ni wa ndani ni kuutoa nje mara ya pili.

Sasa nimtaje Nuru, ili kieleweke nilichokuwa nakiogopa. Nuru alikuwa jirani yetu nilipokuwa na mtoto wa kwanza mgongoni. Alimwambia mumewe maneno ya sehemu ya tatu, kwa mapenzi tu, wakiwa wanacheka, na mumewe akayatamka mbele ya wenzake. Hakuna aliyempiga Nuru wala kumtukana. Wanawake waliacha kumwita wakienda kisimani, basi. Hapa kwetu asubuhi tunapita mlango kwa mlango, tunaitana, na mwenye homa au mzazi tunamchotea. Nuru hakuitwa tena. Alipougua hakuna aliyempelekea ndoo. Alipokufa, waliomwosha ni ndugu wa mumewe kutoka Mtawanya, watu wasiomjua hata alikuwa akicheka vipi. Nami nilipita mlangoni pake na ndoo yangu imejaa, nikageuza uso. Nina miaka sabini na mbili. Nikilala nawaza nani ataniosha.

Ijumaa tulikwenda Mikindani kuazima mashine ya kurushia picha ukutani, kwa Abbasali, mwenye duka la vitambaa na vyombo vya umeme. Njia nzima ndani ya bajaji niliomba moyoni akatae. Mtu anayemwombea mjukuu wake akataliwe, sijui ni mtu gani. Abbasali hakukataa. Aliifuta mashine vumbi kwa kanzu yake mwenyewe, akamfundisha Shamimu namna ya kuipoza. Mkewe, Sakinabai, aliposikia hatuna kitambaa cha kuonyeshea, alitoa mashuka mawili meupe kabatini, akakaa kwenye cherehani akayaunganisha palepale. Halafu akayapiga pasi.

"Bi Riziki, mbona umenyong'onyea? Mjukuu kawa mtu mkubwa!" akaniambia, akanitia mfukoni tambi za dengu zilizofungwa kwenye karatasi. "Kula njiani. Mdomo mkavu haufurahii sinema."

Nilizishika tambi zile hadi Ziwani bila kuzifungua.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa Bi Mwanaisha. Ndiye nyakanga wetu, mkuu wa unyago hapa kijijini, kazi aliyoirithi kwa mama yake. Tulichezwa mwaka mmoja, tukalala mkeka mmoja, lakini siku hiyo nilipiga hodi kama mgeni. Alikuwa uani anamenya muhogo.

"Karibu, mwenzangu. Mbona huvuki? Kuna nyoka?"

Nikavuka. Nikakaa chini. Nikasema yote, homa ya mtoto, simu, filamu. Sikupamba. Nilipofika kwenye neno "wote," kisu chake kilisimama.

Akafuta kisu kwa upindo wa kanga.

"Dar wamesikia?"

"Wamesikia."

"Na leo watasikia wanaume wa hapa. Na watoto."

"Leo, alasiri."

"Umemwambia mtoto?"

"Sijamwambia. Nitamwambiaje?"

Akarudi kumenya. Ganda la muhogo lilitoka refu, likaanguka, akaanza jingine. Nikangoja anitukane. Ningeshukuru kama angenitukana.

"Nenda nyumbani," akasema mwisho. "Nitakuja kuiona hiyo sinema yenu."

Saa kumi alasiri ghala lilijaa. Madirisha yalizibwa kwa magunia, na mlango mkubwa ulipofungwa giza likaingia kamili, na harufu ya korosho za mwaka jana ikapanda. Watoto walikaa chini mbele, wanaume upande wa kushoto, wanawake upande wa kulia juu ya mbao za kupangia magunia. Mimi Shamimu aliniweka kwenye kiti cha plastiki, peke yangu, mbele ya wote. Aliona ni heshima. Mimi niliona ni mahali ambapo mtu hawezi kutoka bila kuonekana.

Bi Mwanaisha aliingia wa mwisho. Alisalimia kila mtu. Mimi hakunisalimia.

Rajabu, mwenye banda la video, ndiye aliyesimamia jenereta na ndiye aliyejipa kazi ya kueleza. Hadithi ya kwanza ilipoanza, mtu akaruka kutoka juu ya ghorofa.

"Watoto, huyu anaruka bila mbawa, msimwige, hospitali ni mbali!"

"Mbona amevaa chupi juu ya suruali?" mtoto akauliza.

"Alivaa haraka, nyumba ilikuwa inaungua," mzee mmoja akajibu gizani, na ghala zima likacheka.

Ya pili waliipenda wavulana, ya tatu haikueleweka, ya nne ilikuwa na shujaa mnene aliyeinua treni, na wanawake wakamsifu kwa vile kabla ya kuinua alivua viatu. Watu walikuwa na furaha. Kila walipocheka mimi nilihesabu, zimebaki mbili, imebaki moja. Ulimi ulikuwa umeshikana na kaakaa. Nilizikumbuka tambi za Sakinabai, bado zimo mfukoni, sikuthubutu hata kupapasa karatasi isije ikalia.

Hadithi ya tano ikaanza kwa maji. Maji ya kahawia yanakutana na maji ya kijani, na katikati kisiwa cha mchanga, na mikoko pembeni imesimama kwenye tope. Mshono wa Sakinabai ulipita katikati ya mto. Watu wakapiga kelele wote pamoja.

"Ruvuma! Mdomo wa Ruvuma!"

"Hapo ni Msimbati, nakwambia!"

"Kiboko yule namjua. Ndiye aliyemaliza mpunga wangu!"

Shamimu alicheka karibu na mashine. Alikuwa amewachora kweli. Wanawake wenye ndoo, mzee mwenye baiskeli, hata mbuzi wa mwenyekiti mwenye pembe moja. Halafu likatoka jitu la mchanga, kubwa kuliko minazi, likaanza kumeza. Likameza mkondo, likameza mikoko, likasogea kwenye nyumba. Watoto wa mbele walirudi nyuma kwa matako. Binti mmoja mwembamba, amejifunga kanga, akasimama kulizuia. Lilimpiga, akaanguka, akasimama, likampiga tena. Mwisho alibaki amelala kwenye kipande cha mchanga kisicho kikubwa kuliko mkeka, maji yanapanda. Akafumba macho. Kukawa kimya, hata jenereta nadhani niliacha kuisikia.

Ndipo ikaja sauti yangu.

Ilikuwa kubwa, ikajaa ghalani hadi juu kwenye bati. Sikujua kwamba nimezeeka hivyo. Ilitetemeka palepale ninapotetemeka, na nyuma yake ulisikika mlio wa jogoo wangu, kama ilivyokuwa siku ile ya simu.

"Bi Riziki huyo!" Rajabu akapaza sauti. "Bibi kawa staa!"

Wanaume wakapiga makofi. Wanawake hawakupiga. Ilikuwa sehemu ya kwanza bado, lakini niliona kwa mwanga wa shuka vichwa vya wanawake vikigeuka, kimoja kimoja, kuniangalia mimi. Halafu vikageuka kumwangalia Bi Mwanaisha. Yeye alikuwa anatazama mbele.

Sehemu ya pili ikaanza. Nilitaka kusimama nizime mashine, sikujua inazimwa wapi. Nilimwona Nuru mbele yangu, amekaa mlangoni pake na mtungi mtupu, ananitazama nikipita. Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema taratibu, "Ee Mungu." Mistari ya sehemu ya pili ni saba. Niliisikia ikipungua.

Kati ya sehemu ya pili na ya tatu mwimbaji huvuta pumzi ndefu. Kila aliyechezwa anaijua pumzi hiyo. Nilijisikia mwenyewe, kwenye ukuta wa ghala, nikiivuta.

Na katika pumzi ile Bi Mwanaisha akasimama, akapiga kigelegele.

Kilikuwa kikali, kilinichoma sikio. Kabla hakijaisha wa pili akadaka, wa tatu, kisha wote, wakasimama juu ya mbao, wakapiga makofi, wakakanyaga mbao kwa miguu hadi vumbi la korosho likapanda kwenye mwanga. Chini ya bati lile huwezi kusikia hata unachowaza. Niliona kwenye shuka midomo ya binti ikitembea, na sikusikia neno. Hakuna aliyesikia neno. Binti akainuka juu ya maji, mikoko ikainuka nyuma yake ikitembea kwa mizizi, jitu likavunjika kuwa mchanga wa kawaida, na wanaume nao, wakidhani ni shangwe, wakasimama wakapiga mbinja, na watoto wakarukaruka. Rajabu alikuwa anapiga debe la mafuta.

Wanawake walinyamaza wote kwa mara moja. Walinyamaza pale wimbo unapoishia, si kabla wala baada. Kwenye kitambaa ulisikika mlio wa jogoo wangu peke yake.

Shamimu alinijia mbio akapiga magoti kwenye kiti changu, uso umelowa.

"Bibi, Dar walilia tu. Huku wamesimama! Wamesimama wote!"

Nilimshika kichwa.

Hadithi ya sita na ya saba sikuziona, ingawa zilipita mbele yangu. Watu walipotoka nje kwenye jua, Bi Mwanaisha alibaki kando ya mlango na wanawake kama kumi na watano, akamwita Shamimu. Nami nikaenda, maana kutokwenda kulikuwa kubaya zaidi.

"Mwanangu, umechora vizuri," akamwambia. "Hata goti langu bovu umelichora, nimeliona. Sinema hii imeshafungwa au bado mnaweza kuigusa?"

"Mwezi ujao inawekwa mtandaoni, Bibi. Mpaka hapo tunaweza kurekebisha kidogo."

"Basi rekebisha. Bibi yako akishavuta ile pumzi, kata hapo. Huku kwetu hapo hapaimbwi. Hapo tunapiga vigelegele. Umesikia mwenyewe."

Shamimu alimtazama, akanitazama mimi, akatazama wanawake waliotuzunguka. Yeye si mjinga. Furaha ilimtoka usoni polepole.

"Nimekosea, Bibi?"

"Hujakosea. Hukuambiwa. Aliyeambiwa ni mwingine." Hakuniangalia aliposema hivyo. "Simu yako inarekodi?"

"Inarekodi."

"Iweke karibu."

Wakapiga tena pale mlangoni, wanawake wote, kwa urefu uleule. Shamimu aliishika simu kwa mikono miwili. Simu ilikuwa inayumba, na mama mmoja mnene, ambaye kwa kawaida haongei na wageni, akamshika kiwiko ili simu itulie.

Walipoanza kutawanyika nilimfuata Bi Mwanaisha.

"Na wale waliosikia Dar?"

"Hawakujua walichosikia."

"Na mimi, mwenzangu?"

"Wewe kalale," akasema, akaondoka akichechemea.

Jumapili niliamka mapema kuliko ndege. Nilikaa nyuma ya mlango na ndoo yangu tayari, nasubiri kuitwa. Nikasikia kandambili zao zikija, nikasikia wakimwita jirani wa kwanza, "Haya mama, kumekucha!" Wakamwita wa pili. Nikasimama. Wakafika kwangu, wakapunguza sauti, wakapita.

Sikulia. Nilirudisha ndoo mahali pake. Shamimu alikuwa macho, ananitazama kutoka kitandani, akauliza kwa nini siendi. Nikasema mgongo. Akaamka akaja kukaa nami chini, akajifunika upande wa kanga yangu, wala hakuuliza tena. Nilimshukuru kwa hilo.

Jua lilipokuwa limefika kwenye kizingiti nikasikia hatua zinazochechemea, halafu, "Hodi."

Nikafungua. Bi Mwanaisha alikuwa na ndoo kichwani, yeye mwenye goti lile, ambaye wajukuu zake ndio humchotea. Juu ya maji alikuwa ameweka jani la mkorosho ili yasimwagike njiani. Nyuma yake, barabarani, wale wengine walikuwa wamesimama na ndoo zao wanasubiri, mmoja anajifanya anatoa mwiba mguuni.

"Jana usiku nilimfikiria Nuru," akasema. "Wewe je?"

"Kila siku," nikasema.

"Huyu mtoto mwulize kama atataka kuja achezwe, Desemba, wali wapya wakiingia unyagoni. Akitaka mwenyewe. Asilazimishwe." Akasikiliza ndani, ambako Shamimu alikuwa amesogea karibu na mlango. "Na wewe ukiimba tena kwenye simu nitakuja kuivunja simu yako kwa mchi. Sasa pokea ndoo, shingo inaniuma."

Nilinyoosha mikono. Hakuiachia ndoo. Aliishika upande mmoja, mimi upande mwingine, tukaiingiza ndani polepole, tukaimimina kwenye mtungi.